Vitambaa vya Kuku wa Unyambwa

Vijana mnaoanza kazi za maabara na takwimu, nimeombwa nisiwachoshe. Nitajaribu, ingawa mtu aliyefanya mengi kama mimi ana haki ya kuchosha kidogo. Mimi ni mtoto wa Ilongero. Baba yangu alilima uwele na alizeti, na hakuna mjomba wala mkubwa aliyenitanguliza popote. Nilifika Uswidi nikiwa mwosha vyombo vya glasi katika maabara moja ya magonjwa ya mifugo. Nikaondoka pale na stashahada ya takwimu za maabara, niliyoisoma jioni baada ya kazi, kwa lugha ambayo wenyewe huitamka kana kwamba wameng'ata kiazi kitamu kabla hakijapoa. Ni stashahada, si shahada. Nalisema wazi kwa sababu wapo watu hapa Singida wanaoniita Profesa, na sijawahi kuwakataza.

Kazi yangu ilikuwa nini? Kila seli ya kiumbe ina jeni zake zote, kama jiko la mama lilivyo na vyungu vyote, lakini si vyungu vyote vinavyokuwa motoni kwa wakati mmoja. Kuku akiugua, jeni za kinga huchapa kazi kwa nguvu na nyingine hupumzika. Sisi tulipima kila jeni inafanya kazi kwa kiasi gani. Wataalamu wana maneno marefu kwa jambo hilo. Mimi nimezoea kusema sauti ya jeni, iko juu au iko chini. Basi watu wengi wakishapima sauti hukimbilia wastani: kundi la wagonjwa wastani huu, kundi la wazima wastani ule, kazi imekwisha. Mimi jina langu nililipata kwenye jambo la pili, mtawanyiko. Yaani, ndani ya kundi moja, sauti zinapishana kiasi gani? Makundi mawili ya kuku yanaweza kuwa na wastani uleule, lakini hawa wote wanaongea kwa sauti ya kawaida, na wale nusu wananong'ona, nusu wanapiga kelele. Anayetazama wastani peke yake atakwambia ni kitu kimoja.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo aliyeitwa Karin, mrefu, asiyecheka hovyo. Siku aliyonitoa kwenye sinki la vyombo alinipa mrija mmoja wa damu na kuniambia nipime. Nikapima, nikamkimbilia na jibu. Akasema pima tena. Nikapima tena, jibu likawa pembeni kidogo ya lile la kwanza. Akasema pima tena. Siku ikaisha napima damu ileile, na moyoni nikasema huyu mama amenidharau, amenipa mchezo wa kitoto. Kesho yake akanichorea nukta za majibu yangu yote kwenye karatasi, zimesambaa kama punje za uwele mkekani.

"Sasa unaijua mashine yako," akasema. "Kabla hujasema kuku wawili wanatofautiana, jua kwanza kuku mmoja anatofautiana na yeye mwenyewe kiasi gani."

Maneno hayo nimeyasema kwenye harusi mbili hapa nyumbani na hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Ninyi myashike. Yameniwekea ugali mezani maisha yangu yote.

Niliporudi Singida na kuajiriwa kwenye mradi wa magonjwa ya kuku, nchi ilikuwa imebadilika. Soko limefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Kompyuta yetu ya kwanza ya mradi ilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa Utemini aliyekuwa akiuza pia matairi na mitumba, na alinihakikishia kwamba ilitoka ofisi ya waziri huko Ulaya. Mashine za kukamua alizeti za watu binafsi zilikuwa zimeota kila mtaa, na hizo ndizo zilizonitesa. Zikiwashwa, umeme ulilegea hadi taa zinakuwa rangi ya chungwa, na mashine yangu ya kupimia inaanza kusoma kivivu. Wenzangu waliingiza mirija kwa mpangilio mzuri wa kishule, kuku wazima asubuhi, wagonjwa mchana. Nikawauliza, sasa mtajuaje kama tofauti ni ya ugonjwa au ya alizeti? Tangu siku hiyo mirija ilichanganywa kama karata kabla ya kuingia. Fanyeni hivyo hata kama mnafanya kazi mahali ambapo umeme haujawahi kukatika, kama pako.

Lakini mashine hizohizo za alizeti ndizo zilizotuokoa pia. Umeme ulipopotea kabisa na jenereta likagoma, niliagiza magunia ya makapi ya alizeti nikaizungushia friza ya mirija pande zote, na juu yake nikaweka magodoro. Bosi wetu alipofika akauliza kama tumeanza kuuza mashudu. Umeme uliporudi nikafungua, na mirija ilikuwa migumu kama mawe. Stashahada yangu haikuwa na somo la makapi. Hilo nililitoa Ilongero.

Sasa niwape kisa nilichokaa kuwapa.

Mradi wetu ulishughulika na mdondo, ugonjwa unaoangusha kuku vijijini kila kiangazi mpaka unakuta banda limekuwa makaburi. Tulitaka kujua kwa nini nyumba fulani kuku wake hubaki hai. Tukachagua nyumba za Mandewa na za Unyambwa, tukachukua damu ya kuku, tukapima jeni za kinga. Bosi alikuwa Dokta Anselmo, daktari wa mifugo mwenye akili sana na haraka sana. Yule aliyekuwa akizunguka kukamata kuku na kuwavisha pete za plastiki zenye namba alikuwa bwana mifugo wa kata, kijana msafi, aliyependa vitu vikae sawa.

Nyumba moja ya Unyambwa ilikuwa ya mjane aliyeitwa Mama Hadija. Watu walisema ana mkono wa kuku. Mdondo ukipita huku na huku, kwake wanaendelea kuchakura. Kundi lake lilikuwa kubwa kuliko la yeyote tuliyempima. Majibu yalipotoka, wastani wake ulikuwa wa kawaida kabisa, lakini mtawanyiko ulikuwa wa kutisha. Nyumba nyingine nukta zilikaa pamoja kama kuku wanaokinga mvua. Za Mama Hadija zilitapakaa ukurasa mzima.

Dokta Anselmo alizitazama na kusema kundi hili linaficha ugonjwa. Wengine wanapigana na virusi kimyakimya ndani ya mwili, wengine hawajaambukizwa, ndiyo maana sauti zinapishana hivi. Na malori ya wanunuzi wa kuku kutoka Dar yalikuwa karibu kuja. Kipimo cha virusi vyenyewe kilifanyika mbali, na majibu yake yangekuja malori yameshaondoka. Kuku wagonjwa wakiingia kwenye matenga pamoja na wazima, ugonjwa ungeshuka kila kituo njia nzima. Akaandika pendekezo: kuku wote wa nyumba ile wauawe na kufukiwa. Kikao cha kupitisha kikapangwa Ijumaa, na vijana wa mtaa wakaanza kuchimba shimo nyuma ya banda lake.

Simlaumu. Angekuwa sahihi, angeokoa kata nzima. Lakini mimi nina sheria yangu, nayo si ya Karin, ni yangu mwenyewe: nukta ikikaa mbali na wenzake, usiifute wala usiihukumu kabla hujakwenda kuitembelea. Nikapanda baiskeli kwenda Unyambwa, nikisingizia kwamba nakagua namba za pete.

Nilimkuta Mama Hadija anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nyuma ya banda kulikuwa na rundo la udongo mwekundu, mbichi. Nilidhani ataanza na hilo shimo. Hakuanza nalo. Alianza na bwana mifugo.

"Pete zenu sina ugomvi nazo," akasema. "Nataka vitambaa vyangu."

Nikauliza vitambaa gani. Akasema kuku wake wengi walikuwa na kitambaa kimefungwa mguuni, na yule kijana alipokuja kuvisha pete alivikata vyote kwa mkasi, akavitupa jalalani, akisema ni uchafu unaoleta minyoo. Nikamuuliza vilikuwa vya nini. Akajibu vya urembo.

Vijana, mtu aliyesoma Uswidi tu angeandika "urembo" akaondoka. Mimi nilikulia Ilongero. Kwetu kuku mwenye kitambaa mguuni hafugwi nyumbani kwa mwenyewe. Ukiwa na tetea wako na mkono wako si mzuri, unampeleka kwa mtu ambaye kuku humkubali. Yeye anafuga, vifaranga mnagawana, na kitambaa ndicho kinachosema huyu ni wa fulani. Kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikamuuliza taratibu hawa kuku ni wa nani.

"Wangu. Niliwaambia wenzako, wangu."

"Wote, mama?"

Akaweka ungo chini.

"Baba Elia, umekaa Ulaya mpaka umesahau kwenu? Mke akifuga kuku nyumbani kwa mume wake, kuku wanakuwa wa nani? Akija shemeji, jogoo chunguni. Akija mwenyekiti, tetea chunguni. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya ada, bwana anatazama paa."

"Kwa hiyo wanawake wanawaleta kwako."

"Mimi sijasema hivyo. Umesema wewe."

Akauinua tena ungo akapepeta, na mimi nikanyamaza, maana kunyamaza ni kifaa cha kazi kama bomba la sindano. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba akitaja majina, kuna nyumba zitawaka bila kiberiti. Asipotaja, kuku wa watu wanafukiwa kwenye shimo lile. Alikuwa amekabidhiwa mali ya siri na wenzake, baadhi tangu mume wake yuko hai.

"Na wakishafukiwa," akasema, "nitawatazama vipi kisimani?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa lile shimo. Kuku ni kuku. Lakini mle ndani zingeingia ada za shule, nauli za kwenda kujifungua, na neno la mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwamini.

"Mama, majina sitaki. Yakae kifuani mwako. Mimi nipe rangi tu."

"Rangi tu?"

"Rangi ya kitambaa na namba ya pete."

Akacheka. Alicheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, akafuta macho kwa upindo wa khanga, akaingia ndani kutafuta vipande vya nguo. Kukamata kuku alikataa nisimsaidie. Alisema natembea kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Aliwakamata mwenyewe mmoja mmoja, akawafunga upya vitambaa miguuni, na kwa kila kuku hakusita: huyu nyekundu, huyu bluu, huyu njano, huyu mwenzake wa bluu, huyu kijani, huyu hana kitu ni wangu. Mimi niliandika pete na rangi. Majibu ya maabara nilikuwa nimeyaacha ofisini kwa makusudi, ili macho yangu yasije yakauongoza mkono wake. Hilo nalo mlishike. Asiyejua jibu ndiye anayekusanya ukweli.

Ofisini nilizigawa zile nukta zilizotapakaa kwa rangi zake. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Nyekundu zilikaa pamoja. Bluu pamoja. Njano pamoja, juu kidogo. Ndani ya kila rangi sauti zilikaribiana kama za nyumba yoyote ya Mandewa. Kilichopishana ni rangi na rangi. Kila rangi ilikuwa mama kuku na binti zake na wajukuu, ukoo uliotoka nyumba tofauti, na kila ukoo una sauti yake ya kuzaliwa. Sisi tuliwaweka wote chini ya jina la nyumba moja tukashangaa hawaimbi pamoja. Nenda shule ya bweni, kila mtoto ana lafudhi ya kwao, na hakuna aliye mgonjwa.

Nikampelekea Dokta Anselmo. Alitazama, akanirudishia karatasi.

"Baba Elia, ukilikata kundi vipande vidogo, mtawanyiko ndani ya vipande lazima upungue. Hata ukigawa kwa siku za kuzaliwa."

Alikuwa sahihi, na nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimemngoja palepale. Nikavua kofia yangu. Ndani nilikuwa nimeweka vikaratasi vyenye majina ya rangi, idadi ya kila rangi ikiwa ileile aliyonipa Mama Hadija. Nikamwambia achote bila kutazama, ampe kila kuku rangi ya bahati nasibu, tukokotoe upya. Akachota. Mtawanyiko ukapungua kidogo tu, kama alivyosema. Akachota tena, vilevile. Kisha nikaiachia kompyuta ya waziri ifanye mchezo huo yenyewe, tena na tena, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, katika kuchota kote huko hakukuwa na rangi za bahati nasibu hata mara moja zilizokaribia kuzipanga nukta kama rangi za yule mjane zilivyozipanga. Kazi ile si ya bahati. Rangi zilikuwa zinajua kitu.

Dokta alikaa chini akakokotoa kila kitu upya kwa mkono wake. Sikumsumbua. Nilisimama dirishani nikahesabu mapigo ya mashine ya alizeti ya jirani. Kama kuna mahali nilikosea, Ijumaa ilikuwa kesho.

Mwishowe akaweka kalamu.

"Hizi rangi ni za nani?"

"Ni koo za kuku, Dokta."

"Na wenye koo?"

"Hesabu haiwahitaji."

Nilifikiri atakasirika. Badala yake akavua miwani na kuisugua kwa tai.

"Marehemu mama yangu alikuwa na mbuzi kwa jirani," akasema. "Baba alikufa hajui."

Tukacheka wote wawili. Tukawacheka wanaume wa zamani, jinsi walivyoketi mbele ya nyumba zao wakidhani wanazijua. Nilicheka sana. Kesho yake kwenye kikao alilifuta pendekezo lake mwenyewe mbele ya watu wote, jambo ambalo wenye shahada wengi hawaliwezi, na akaagiza kuku wabaki bandani mpaka kipimo cha virusi kirudi. Kiliporudi, hakuna kuku wa Mama Hadija aliyekuwa na kitu. Bwana mifugo aliambiwa kwamba tangu sasa kitambaa hakikatwi, kinaandikwa rangi yake pembeni ya namba. Alikubali, ila aliomba vitambaa viwe vimefuliwa.

Lakini hayo ya virusi yalikuja baadaye. Siku ileile ya kikao nilipanda baiskeli moja kwa moja hadi Unyambwa, bado nimevaa tai. Mama Hadija alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mdomoni. Nilipomaliza hakusema asante. Alikwenda nyuma ya banda, akachukua jembe lililoachwa na wale vijana, akaanza kurudisha udongo shimoni. Nikamwambia vijana watafanya. Akasema kazi hii hataki mtu amfanyie. Akafukia mpaka pakawa sawa, akapakanyaga, kisha akanileta jikoni na kunipa uji wa uwele kwenye kata kubwa ya kibuyu, ya mgeni wa heshima.

Sijui habari ilitembea kwa miguu gani, maana kikao kilikuwa cha wanaume watupu. Kabla sijafika nusu ya kata, wanawake walianza kuja. Kutoka jikoni, kwenye giza la moshi, niliwaona bila wao kuniona. Wa kwanza alipiga hodi, akasema amekuja kuomba chumvi. Wakati Mama Hadija akiitafuta, yule mama alisogea kwenye banda, akainama, akachungulia vitambaa miguuni, akakaa hivyo muda wa kumeza mate, akainuka. Akachukua chumvi akaenda. Wa pili alikuja kuulizia sindano ya kushonea mikeka. Naye akainama bandani. Alipoinuka alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa kupumua tu. Wa tatu, Hajati mmoja ninayemheshimu sana, hakuwa hata na kisingizio. Alisema anapita, mahali ambapo hakuna njia.

Hakuna aliyetaja kuku. Mama Hadija naye hakutaja. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, na mabega ya kila mmoja yalishuka njia nzima kutoka bandani hadi barabarani. Katika miaka yangu yote ya kupima na kukokotoa sijawahi kuona majibu mazuri kuliko mabega yale, na nilijisikia mkubwa sana pale jikoni na kata yangu ya uji.

Ndipo ikapigwa hodi ya nne, sauti ninayoijua.

Alikuwa mke wangu. Ametoka nyumbani kwetu Utemini kwa miguu, vumbi mpaka magotini, amekuja kuazima chekecheo. Nyumbani tuna machekecheo mawili.

Mama Hadija alitupa jicho jikoni mara moja, akaingia ndani kutafuta chekecheo bila haraka yoyote. Mke wangu akalisogelea banda. Akainama. Alikaa pale muda mrefu kuliko wenzake wote. Nikautazama uji. Nilipoinua macho alikuwa amesimama, ameweka kiganja kifuani, anacheka peke yake kama msichana.

Nilingoja hadi alipopotea barabarani na chekecheo lake ndipo nikaaga. Nilisukuma baiskeli badala ya kuipanda, nisije nikamkuta njiani. Watoto wetu walisoma wote mpaka mwisho, na hakuna siku ada ilichelewa, na mimi huko mjini nilikuwa nikisema ni kazi ya mshahara wangu.

Mpaka leo sijamuuliza rangi yake ni ipi.